Kijana anayeamka amechoka: Sonona, mazoezi na afya ya vijana Walatino



Kuna kijana ambaye kila nyumba inamjua. Alikuwa mchangamfu, sasa anaamka amechoka kuliko alivyolala. Chakula hakimpendezi, au anakula bila kipimo. Ukimwita anaitika kwa mbali, ukimtuma anachelewa, na wakubwa wanasema: huyu mvivu tu, simu imemharibu. Leo nataka tumzungumzie kijana huyo, lakini tutamtazama akiwa mbali na hapa, Marekani, miongoni mwa vijana wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Kule wanaitwa Walatino.

Utauliza, ya nini kwenda mbali hivyo wakati vijana tunao hapa hapa? Nina sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hawa wamepimwa, wakaulizwa na kufuatiliwa kwa miaka mingi, kwa hiyo tunaweza kusema mambo kwa ushahidi badala ya kukisia. Ya pili ni namna wanavyoishi. Ni watu wa familia kubwa, mama ana heshima yake, ibada ina nafasi yake nyumbani, kijana anafanya kazi mbili na sehemu ya mshahara inakwenda kwa wazee waliobaki kijijini. Na siri ya nyumba haitoki nje ya mlango. Hata ulimi wao una chembe ya Kiarabu. Wakitaka kusema "laiti ingekuwa" au "Mungu akijaalia" husema "ojalá", neno lililozaliwa Andalusia likiwa na jina la Allah ndani yake, ingawa wengi wanaolitamka ni Wakristo.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Walatino walikuwa zaidi ya milioni 62, karibu mtu 1 katika kila Wamarekani 5. Ni jamii changa. Karibu nusu yao hawajafika miaka 30 au ndiyo kwanza wanaifikia. Wengi wana asili ya Meksiko. Wengine wametoka Puerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, na wengine Kuba, Jamhuri ya Dominika, El Salvador, Guatemala na nchi za Amerika ya Kusini.

Walipimwa, nini kikaonekana?

Kati ya mwaka 2008 na 2011, taasisi za afya za serikali ya Marekani ziligharamia uchunguzi mkubwa wa afya ya Walatino. Watu zaidi ya 16,000 wa umri wa miaka 18 hadi 74 waliandikishwa katika maeneo manne: Bronx kule New York, Chicago, Miami na San Diego. Walipimwa sukari, presha, mafuta katika damu na uzito. Walivishwa kiunoni kifaa kidogo cha kuhesabu mwendo, wakakaa nacho wiki nzima. Wakaulizwa pia maswali kuhusu hali ya moyo, na hapa sisemi moyo unaodunda, nasema ule unaohuzunika.

Majibu ya sonona yalichapishwa mwaka 2014. Watu 27 katika kila 100 walikuwa na dalili nyingi za sonona. Kwa wenye asili ya Meksiko walikuwa 22 katika 100, na kwa wenye asili ya Puerto Rico walifika 38. Maswali ya karatasi hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, hilo tulijue. Lakini tazama jambo la pili: waliokuwa wakitumia dawa za sonona walikuwa 5 tu katika kila 100. Na la tatu, ambalo kwangu mimi tabibu ndilo zito zaidi: kadiri mtu alivyokuwa na vihatarishi vingi vya maradhi ya moyo, yaani presha, kisukari, mafuta, unene na sigara, ndivyo uwezekano wa kuwa na dalili za sonona ulivyopanda.

Wadogo zao hawajasalimika. Mwaka 2021 wanafunzi wa sekondari wa Marekani waliulizwa kama katika mwaka uliopita waliwahi kuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hadi wakaacha shughuli zao za kawaida. Kwa wanafunzi wote, 42 katika kila 100 walisema ndiyo. Kwa Walatino walikuwa 46.

Huzuni ya kawaida na sonona

Kila mtu huhuzunika. Umefiwa, umeachwa, umefeli mtihani, utalia na siku zitakupoza. Sonona ni nyingine. Kwanza inadumu, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Pili inaondoa ladha ya mambo. Aliyependa mpira haufuatilii tena, aliyependa kupika anaona jiko kama mlima. Kisha yanafuata mengine: usingizi kukatika au kuzidi, hamu ya kula kubadilika, nguvu kuisha, kushindwa kutuliza akili, kujilaumu kupita kiasi, kujiona hafai, na kwa baadhi, kufikiria kifo. Si lazima yawepo yote.

Tatizo ni kwamba sonona mara nyingi haiji hospitali kwa jina lake. Inakuja kama kichwa kinachouma, mgongo, kifua kubana, tumbo kuchafuka, mwili kuwaka moto. Hapa kwetu mgonjwa wa namna hii atapimwa malaria, haipo. Atapimwa taifodi, ataandikiwa vidonge, na mwezi ujao amerudi. Kule, Mlatino atamwambia daktari kuwa ana "nervios", yaani neva zimemchafuka. Ipo na hali wanayoiita "ataque de nervios": mtu akipata habari mbaya ya familia hutetemeka, hupiga kelele na kulia bila kujizuia, akihisi joto likipanda kutoka kifuani hadi kichwani. Msomaji wa pwani akiona hayo atasema huyu kapandisha. Wataalamu wa Marekani waliiingiza hali hiyo katika mwongozo wao wa maradhi ya akili wa mwaka 2013, ili daktari asiyejua mila za watu wale asimpe mgonjwa jina lisilo lake.

Wana na neno jingine, "aguantar", maana yake kuvumilia, kubeba bila kunung'unika. Ni sifa njema kwa anayejenga maisha ugenini. Lakini kijana aliyelelewa kuamini kuwa mwanamume hasemi na mwanamke hachoki, akipatwa na sonona atavumilia mpaka mwili useme kwa niaba yake. Na mwili ukisema, husema kwa sukari na presha.

Mwili na moyo, nani humgonjesha mwenzake?

Jibu ni kwamba wanagonjeshana. Mwaka 2008 wachunguzi walikusanya tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka, wakaona kuwa mwenye sonona alikuwa na hatari ya kupata kisukari cha ukubwani iliyozidi ya mwenzake kwa takriban asilimia 60. Upande wa pili, mwenye kisukari naye alikuwa na hatari ya kupata sonona iliyozidi kidogo, kwa takriban asilimia 15. Njia zenyewe si za ajabu. Mwenye sonona hatembei, analala vibaya, anakula vya haraka, anavuta sigara. Homoni za msongo hubaki juu muda mrefu na kupandisha sukari. Akiwa tayari ana kisukari, anasahau dawa na hapendi kwenda kliniki. Katika ule uchunguzi wa watu 16,000, kisukari kilikutwa kwa watu wazima karibu 17 katika kila 100.

Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi Walatino waliishi muda mrefu kuliko Wamarekani weupe, ingawa kipato chao ni kidogo na wengi hawana bima. Mwaka 2019 wastani wa umri wao wa kuishi ulikuwa karibu miaka 82. Kisha korona ikawapiga vibaya, na kufikia mwaka 2021 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi karibu 78. Tafiti zimeonyesha pia kuwa, kwa kundi hili kwa ujumla, aliyezaliwa Marekani ana maradhi ya akili mengi kuliko aliyehamia akiwa mtu mzima. Jambo hilo lanifanya nifikiri. Mtoto ana shule kuliko baba yake, ana lugha, ana pasipoti, na bado moyo wake ni mzito zaidi. Wachunguzi wanataja mambo mengi: kubaguliwa, kukosa pa kujihesabu kwao, ndugu kutawanyika, chakula cha viwandani, na mwili kukaa kitako.

Uchovu wa kazi si mazoezi

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Ukimwambia kijana wa Kilatino anayejenga nyumba Texas au kuvuna matunda California kuwa anahitaji mazoezi, atakucheka. Katika kila wajenzi 10 wa Marekani, karibu 3 ni Walatino, na mashambani na kwenye usafi wa mahoteli wamejaa. Wanasimama, wanainama, wanabeba. Hata hivyo, takwimu za serikali za miaka ya 2017 hadi 2020 zilionyesha kuwa watu wazima 32 katika kila 100 wa jamii hiyo hawakufanya mazoezi yoyote nje ya kazi. Kwa weupe walikuwa 23.

Je, kubeba zege si mazoezi? Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi kutoka Copenhagen, Denmark, uliofuatilia watu zaidi ya 104,000. Waliojishughulisha wakati wa mapumziko walipata maradhi ya moyo kidogo na kufa mapema kidogo. Waliotumia nguvu nyingi kazini ilikuwa kinyume chake, hatari ilipanda. Maelezo yanayotolewa ni haya: kazi nzito ni saa nane au kumi bila mapumziko ya kutosha, mapigo ya moyo na presha vinabaki juu kutwa, ni misuli ile ile inayoumia, mara nyingi katika jua kali, na mfanyakazi hana hiari ya kusimama anapochoka. Mazoezi ni muda mfupi, moyo unapanda kisha unashuka, na mwenyewe ndiye aliyeamua.

Nisieleweke kwamba kazi zote za mwendo ni balaa. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa mjini London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata mshituko wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Kwa hiyo aina ya mwendo ina maana yake. Kupanda ngazi kwa vipande vipande si sawa na kubeba mifuko ya saruji tangu alfajiri.

Na kwa upande wa sonona, hiari ndiyo jambo lenyewe. Mgonjwa wa sonona amepoteza imani kwamba lolote analolifanya litabadilisha kitu. Anapoamua mwenyewe kutoka na kutembea dakika kumi, na akatoka, amejionyesha kinyume. Bosi wake hawezi kumpa hilo kwa kumpigia kelele.

Ushahidi wa tiba

Mwaka 1999 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Duke walichukua watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na zaidi, wakawagawa mafungu matatu: mazoezi, dawa, na mazoezi pamoja na dawa. Baada ya wiki 16 mafungu yote yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana, ingawa dawa ilitangulia kuonyesha matokeo. Hao walikuwa wazee kuliko vijana wetu wa leo, lakini tafiti zimeendelea kuja. Mwaka 2022 zilijumlishwa tafiti 15 zenye watu zaidi ya 190,000. Aliyefikia kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa alikuwa na hatari ya kupata sonona pungufu kwa asilimia 25, na aliyefika nusu tu ya kiwango hicho, pungufu kwa asilimia 18. Umeona hapo? Faida kubwa iko katika kuanza. Mwaka 2024 zikajumlishwa tafiti 218 za tiba, na kutembea, kukimbia polepole na mazoezi ya nguvu yakawa miongoni mwa yaliyosaidia zaidi.

Kiwango chenyewe, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kutia misuli nguvu. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzio njiani, ila ukitaka kuimba kasida pumzi haitoshi. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Kutia nguvu hakuhitaji jimu, kuketi na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu kunatosha kwa kuanzia.

Lakini mwenye sonona usimpe dakika 150. Utakuwa umempa deni jingine la kushindwa kulilipa. Mpe dakika tano. Atoke hadi mwisho wa mtaa arudi, saa ile ile kila siku, hata kama hajisikii, maana akisubiri ajisikie hatatoka. Wiki ijayo saba, kisha kumi. Na mfuate! Kutembea wawili ni rahisi kuliko kuhimizwa na aliyekaa kwenye kochi.

Walatino wenyewe wamelijua hilo la kwenda pamoja. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu mwaka 1974 hufunga barabara kubwa kwa magari siku za Jumapili, watu wakatembea na kuendesha baiskeli, na sasa ni zaidi ya kilomita 100 za barabara. Los Angeles, mji uliojaa Walatino, uliiga kwa mara ya kwanza Oktoba 2010. Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi. Binti analea wadogo zake, mtaa hauna usalama, na mama mwenye watoto akijitengea saa moja huonekana mchoyo wa muda wake. Kwa ajili hiyo wahudumu wa afya wa jamii, wanaoitwa "promotoras", wanawake wa mtaa ule ule, huanzisha vikundi vya kutembea na madarasa kwenye kumbi za makanisa na vituo vya jamii. Wanajuana, watoto wanakuja nao, na asiyefika hufuatwa kwake.

Mazoezi yana mpaka wake

Kuna mambo mwendo hauyaondoi. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwaahirishia kufukuzwa vijana walioingizwa nchini wakiwa watoto bila vibali. Wengi wao walikuwa Walatino. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 uliona hali ya kiakili ya waliostahiki mpango huo ikiwa nafuu kuliko ya wasiostahiki. Karatasi ya kibali ilifanya kazi ya dawa. Anayeogopa kwamba baba atakamatwa akienda kazini hatatibiwa kwa kukimbia uwanjani, na sipendi tabia ya sisi watu wa afya kumwambia maskini atembee kisha tukanawa mikono.

Aidha, mwenye sonona kali, asiyeweza kuamka kitandani, asiyekula, anayesikia sauti, au anayetaja kufa, huyo anahitaji tabibu leo, si viatu vya mazoezi. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, wengi hupata ahueni kwa kuulizwa. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vyenye ncha, mpeleke hospitali. Marekani tangu Julai 2022 ipo namba ya simu 988 kwa ajili hiyo, nayo ina huduma ya Kihispania. Msomaji mwenye ndugu kule amwandikie.

Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi na anajisikia vyema. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, wasiwasi na ugonjwa kurudi. Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, au mwenye presha isiyodhibitiwa, apimwe kabla ya kuanza. Na si kila uchovu ni sonona. Upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo na kisukari kisichojulikana hufanana nayo sana. Mama aliyejifungua karibuni naye asiambiwe ni uchovu wa kunyonyesha tu.

Ukimleta kijana wako zahanati, tuambie mambo matatu kabla hujakaa: yameanza lini, ameacha kufanya nini alichokuwa akikipenda, na analala saa ngapi. Beba dawa zote anazotumia, na za miti shamba pia. Yapo maswali tisa ya kupima sonona yaliyochapishwa Marekani mwaka 2001. Walatino huyajibu kwa Kihispania, na toleo lake la Kiswahili limeshafanyiwa majaribio Dar es Salaam. Hayachukui dakika kumi. Mwache ajibu mwenyewe, nawe umsubiri nje.